Hodi ya Nne

Tangu Rukia azikwe sijaitikia hodi ya mtu. Nakaa sebuleni kwangu hapa Changamwe, kwenye kiti kilichovunjika mkono, na chupa ya chai niliyoipika asubuhi na kuisahau, nasikia watu wakija mlangoni. Jirani wa chini hupiga hodi zake harakaharaka, zote kwa pumzi moja, kisha hushuka ngazi akijiambia, "Labda amelala." Binti mmoja wa kanisani hupiga kwa sauti ndogo ya adabu, nusu akiomba nisiitikie. Wote huondoka. Siwalaumu. Hapa Pwani hata sisi wa bara hujifunza upesi kwamba hodi ni tatu, na ukikosa jibu unarudi ulikotoka, ukimstahi mwenye nyumba. Lakini nikisikia hatua zao zikiishia, hucheka peke yangu kicheko kibaya, kwa sababu mimi na marehemu tulianzisha chama kizima kwa ajili ya jambo hilihili, na leo mimi ndiye niliye ndani, kimya.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na saba, muuguzi mpya katika zahanati moja ya Kisauni, na kiburi cha mtu aliyepasi mtihani juzi. Wanajeshi walikuwa wameanza kurudi kutoka Somalia. Sisemi wale wa gwaride na bendi. Nasema wale waliorudi wakaachishwa kazi kabla ya wakati, kwa sababu ya mguu, au jicho, au kichwa kisichokubali usingizi. Hao hawakuja zahanati, waliona haya. Waliokuja ni mama zao. Nakumbuka mama mmoja mwenye buibui lililopauka, akaja dirishani kuomba bandeji na dawa ya kidonda, akasema amejikata kisu akimenya muhogo. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kumpa. Rukia, muuguzi mkubwa wa pale, aliyekuwa amekaa nyuma yangu akikunja shashi za kufungia vidonda, akainuka akamwambia taratibu, "Nionyeshe kidonda, mamangu." Yule mama akatazama chini. "Si changu," akasema, "ni cha Nassoro wangu." Kisha akaanza kulia palepale dirishani, foleni nzima ikimtazama, na Rukia akatoka kwa mlango wa nyuma akamzunguka kwa mikono miwili.

Rukia alinizidi kama miaka kumi na mitano. Kwao ni watu wa zamani wa Mombasa, wauza vitambaa, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao hasa. Yeye hapigi, hupija. Hasemi njoo, husema ndoo; kuchukua kwake ni kutukua, na maji ni mayi. Mimi aliniita mdogo wangu siku njema, na siku mbaya akaniita Mbara, na zote mbili nilizipenda. "Nekesa," alinicheka mara ya kwanza tulipokwenda nyumbani kwa Nassoro kule Mjambere, "wewe waingia kwa watu kana kwamba waja kushika pombe haramu! Ngoja uitikiwe." Yeye alisimama barazani, akajiweka sawa mtandio juu ya sare yake nyeupe, akapiga hodi kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu. Alikuwa na sababu. Mwanamke anayeingia chumbani kwa mwanamume asiye wake, mtaa lazima usikie kwamba ameingia kwa haki, mchana, na kwa ruhusa. Akapiga ya pili, akatulia. Ya tatu ndipo sauti ikasema, "Karibuni." Nilidhani mwenyewe anaringa.

Chumba cha Koplo Nassoro kilikuwa kisafi kuliko wodi yetu. Kitanda kimetandikwa bila kunjo, chandarua kimefungwa fundo moja juu, viatu vya jeshi vimeng'arishwa vikakaa ukutani ingawa hakuwa na pa kuvivalia. Kidonda chake kilikuwa cha nyonga, vipande vya chuma viliingia vikatolewa, lakini mfupa ulikuwa bado unatema usaha. Tulipomaliza kumsafisha alikataa tuondoke hivihivi. Mama yake alileta mahamri na mbaazi, na yeye mwenyewe, akichechemea, akatengeneza chai ya tangawizi kali ya kutoa machozi, akatutazama tunavyokunywa kama mtu anayekagua askari wapya. "Mgeni njoo mwenyeji apone," akasema. Rukia akamjibu, "Basi pona, baba, maana wageni tumeshakula mahamri yote." Akacheka. Mama yake, aliyekuwa mlangoni na sinia, akaniambia baadaye kwamba hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu mwanawe arudi. Mvua za mwanzo hazijaisha, yule mama akafa, na Nassoro akabaki peke yake katika nyumba ile.

Tukawa tunakwenda baada ya kazi, Rukia na mimi, na kabla hatujajua wagonjwa wakawa wengi. Upande wa Likoni alikuwepo Karisa, muuguzi mwenzetu aliyewahi kufanya kazi na askari, mtu wa maneno machache na mikono mikubwa, yeye akawachukua wa kule. Huku Changamwe nilikuwa na Sajini Mwakio, Mtaita, mguu mmoja ukiwa wa bandia. Maskini yule alikuwa amepanga chumba juu ya bandari ya Kipevu, mahali ambapo mchana kutwa makontena yanashushwa, na kila chuma kilipogonga chuma yeye alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mikono kichwani. Nilimwuliza kwa nini hahami. Akaniambia kodi ni rahisi, halafu akasema angalau hapa anajua kelele inatoka wapi.

Tulichoka, nasema kweli. Nilikuwa nikirudi nyumbani nikikaa kitandani na viatu, nikilia bila sababu niliyoweza kuitaja. Mkuu wa zahanati alituita akatuambia kwa upole kwamba ya majumbani ni yetu wenyewe, likitokea la kutokea yeye hayumo. Mtaani wakaanza: yule sista ana lake jambo na wale askari. Rukia ndiye aliyesema tufanye chama. Tulikuwa jikoni kwake Magogoni, anakaanga kaimati, mimi nakoroga shira. "Jeneza halitukuliwi na mtu mmoja," akasema, akiwa amenipa mgongo, "na hawa sisi twawatukua wangali hai. Tuwe chama, tuwe na jina, twende wawili wawili, na mmoja wetu akilia awe na wa kumlilia." Tukapanga kukutana kwake Jumapili, wauguzi wote tuliowajua wa kazi hii, tuchague viongozi, twende tukaandikishwe. Tuliligombania jina hadi kaimati zikaungua.

Wiki hiyohiyo, alasiri moja, Rukia alipita Mjambere peke yake kwa sababu mimi nilikuwa zamu. Alikuwa na bakuli la uji wa pilipili manga. Simu ya Nassoro ilikuwa imezimwa, lakini kuzima simu ilikuwa kawaida yake. Akapiga hodi. Redio ilikuwa ikilia ndani, taratibu. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, akasubiri kidogo, akadhani amelala, na mtu asiyelala usiku akilala mchana ni neema, nani amwamshe? Akaweka uji barazani, akaufunika kwa sahani, akaenda zake. Kesho yake jirani akatupigia. Tulipofika bakuli lilikuwa palepale, sisimizi wamelizunguka. Nassoro alikuwa sakafuni, hatua chache tu kutoka mlangoni, anawaka moto, sumu ya kidonda imeshaingia damuni, anapumua lakini hayupo. Tulimpakia kwenye tuktuk tumkimbize hospitali ya kisiwani, kichwa chake mapajani mwa Rukia. Akakata roho tukiwa bado upande wetu wa daraja, kwenye foleni ya magari, dereva akipiga honi na kulia.

Nilikwenda matangani na Rukia. Tulikaa uani na wanawake, tumepewa vitunguu vya kumenya kwa ajili ya pilau, na hilo lilikuwa jema kwa sababu hakuna anayekuuliza kwa nini unalia. Nyuma ya ukuta wa makuti, ambako sufuria zilikuwa jikoni, wanawake wengine walikuwa wakizungumza, hawakujua kwamba tupo.

"Yule sista alipita jana yake, ati. Nilimuona kwa mato yangu. Akapija hodi, akenda zake."

"Sasa angefanyaje? Hodi tatu, hukuitikiwa. Angevunja mlango wa mwanamume?"

"Avunje nini, bibi? Ule mlango haukuwa na komeo. Ulikuwa umerudishwa tu."

Kisu kikasimama mkononi mwa Rukia. Alikitazama kile kitunguu, akamaliza kukimenya, akakiweka kwenye beseni pamoja na vingine. Kisha akainuka, akapita katikati ya watu bila kumuaga mtu, na kaka yake Nassoro, aliyekuwa amekaa na wanaume nje, akamwona akipita, akasema, si kwa ukali, afadhali angekuwa mkali, "Mlimzoesha kuwangoja, Sista." Rukia akaitikia kwa kichwa. Hakuja kazini siku iliyofuata, wala ile nyingine.

Sijui nieleze vipi siku zile. Karisa alinipigia kutoka Likoni akasema tuahirishe mkutano. Wengine hawakupiga hata hiyo simu. Walioniambia ukweli walisema wanaogopa: ikiwa Sista Rukia, mwenye adabu na ujuzi ule, ameponyokwa na mgonjwa mlangoni, wao ni nani? Na mkutano bila Rukia haukuwa mkutano. Ni yeye aliyewaita, ni yeye waliyemheshimu, mimi nilikuwa kijana wa bara mwenye mdomo. Niliona wazi kwamba chama kimekufa kabla ya kuzaliwa, na kwamba wale wagonjwa tuliokwisha kuwazoesha kungoja watangoja hadi wachoke. Nilimkasirikia Mungu. Nilimkasirikia Rukia zaidi, kwa sababu Mungu sikuwa na anwani yake.

Kwa hasira hizo nikaenda kwa Mwakio na sahani ya sukuma na samaki. Nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga tena, na tena, na mimi siku ile adabu sikuwa nayo. Nikapaza sauti, "Sajini! Hodi! Ni mimi Nekesa, nina samaki, na anapoa!" Nikausukuma mlango kwa goti. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mguu wa bandia umesimama peke yake pembeni.

"Kwa nini hukuenda?" akauliza.

"Niende wapi?"

"Watu hupiga tatu, wanaenda." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sikiza, Sista. Hodi ya kwanza inanikuta mbali. Naisikia, lakini niko kule, kwenye vumbi. Ya pili najua ni mtu, natafuta mdomo uko wapi. Ya tatu nimeupata, nataka kusema karibu, na huyo mtu ameshashuka ngazi. Nasikia viatu. Kila mara nasikia viatu."

Nilikaa sakafuni karibu naye, tukala samaki kwa mikono, makontena yakigongana kule chini, na kila yalipogonga nilimshika bega. Nikamkumbuka Nassoro, hatua chache kutoka mlangoni. Hakuangukia huko kwa bahati. Alikuwa anakuja kufungua.

Sasa nilikuwa na neno ambalo lingeweza kuwaokoa hawa waliobaki, na neno lilelile lilikuwa kisu kwa Rukia. Nikinyamaza, ataendelea kujifungia akidhani huenda Nassoro alikuwa ameshazimia, hakusikia kitu, na dhana hiyo ndiyo blanketi pekee aliyobaki nayo. Nikisema, namvua. Nilizunguka nalo siku nzima. Mwisho nikaenda Magogoni, kwa sababu sikuweza kumwangalia Mwakio usoni na kunyamaza.

Nilipiga hodi kwa Rukia kama alivyonifunza. Moja. Nikangoja. Mbili. Shangazi yake, aliyekuwa kwenye kochi la barazani, akaniambia, "Haitiki, mwanangu, hata sisi hatuitikii. Wala chakula hali." Nikapiga ya tatu. Kisha nikapiga ya nne, nikasema, "Ni mimi Nekesa. Nimeleta habari mbaya," nikaingia. Madirisha yamefungwa, joto, harufu ya udi wa zamani. Alikuwa kitandani, ameivaa tena sare yake ya siku ya tuktuk, mapajani bado kuna doa. Nikamwambia yote aliyosema Mwakio, neno kwa neno, na sikumpunguzia.

Hakulia.

"Basi ilisalia moja," akasema.

Nikalia mimi. Aliniacha nilie, kisha akaniambia niinuke, nimfungulie dirisha, nimletee mayi aoge, na nimwambie shangazi aloweke mbaazi kwa ajili ya Jumapili, maana watu hawawezi kufanya chama na njaa.

Niliwapigia simu wote upya, wakaja tisa. Tulikaa juu ya mkeka sebuleni kwake, feni ikizunguka juu, mbaazi na mahamri katikati, na hakuna aliyekuwa na uso wa sherehe. Rukia alisimulia kifo cha Nassoro mwenyewe, wala hakumtupia mtu lawama wala hakujiosha. Kisha akasema chama chetu kitakuwa na sharti moja kabla ya masharti mengine yote: kwa wagonjwa wetu hodi ni nne. Mmoja akasema hiyo ni kuwavunjia watu heshima. Karisa akasema jambo zito zaidi, kwamba askari aliyeamka vibaya ukimwingilia bila kuitikiwa anaweza kukuvunja shingo kabla hajakujua. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwakio, tuliyemleta kwa teksi akakaa pembeni mguu ameunyoosha, ndiye aliyewakatia shauri. "Ya nne sema jina lako na ulicholeta," akasema. "Adui hasemi ameleta samaki. Halafu fungua polepole, kaa palepale kizingitini, subiri turudi." Karisa akafikiri, akakubali. Tukamchagua Rukia mwenyekiti. Mikono ilipokuwa bado juu akamgeukia Mwakio, mbele ya wote, akamwuliza, "Na yeye Nassoro, alinisikia?" Sebule nzima ikaomba amdanganye. Mwakio akainamisha kichwa. "Sijui, Sista," akasema. Naye Rukia akamshukuru.

Chama kiliandikishwa baada ya kusumbuliwa sana, kwa jina refu ambalo hakuna alitumiaye, watu hutuita Hodi Nne. Kisauni, Likoni na huku kwetu, leo wapo wauguzi ambao Rukia aliwafunza kusimama mlangoni. Singependa mtu adhani tulishinda. Wapo tuliowakuta tumechelewa, hata kwa hodi ya nne, hata ya kumi. Rukia hakuipita tena ile njia ya Mjambere mpaka sukari ilipomlaza, na siku zake za mwisho, nikimlisha uji, aliutazama ule uji kwa namna ambayo nilijua yuko barazani kwa Nassoro. Nilipoza kijiko kingine, nikangoja afumbue kinywa.

Leo mchana nimesikia mguu wa bandia kwenye ngazi. Naujua, unalia kwenye goti. Umepanda polepole, ukipumzika kila kituo, ukasimama nje.

"Hodi," akasema Mwakio.

Nilisikia, lakini nilikuwa mbali, kwenye foleni ya magari karibu na daraja.

"Hodi."

Nilijua ni yeye. Nilitafuta mdomo.

"Hodi."

Nikafumbua kinywa, na sauti haikutoka. Nikangoja kusikia mguu ukigeuka. Nikangoja kwa hofu ambayo sijawahi kuwa nayo hata katika mwaka ule.

"Hodi, Nekesa. Ni mimi Mwakio. Nina viazi vya karai, na vinapoa."

Kitasa kikazunguka polepole. Mlango ukafunguka bila kukwama popote. Ndipo nikajua kwamba siku zote hizi sikuwa nimetia komeo, nilikuwa nimeurudisha tu.